Kampuni yetu ya tenda imelala. Niifunge au niiache?

Kwako Mshauri,

Assalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, na nina kibanda changu cha kushona nguo ambacho kinakwenda vizuri, alhamdulillahi. Kinachoninyima usingizi ni kampuni.

Mwaka wa 2017 mimi na binamu yangu, mtoto wa ami, tulifungua kampuni. Wakati huo kila kijana mtaani alikuwa akifungua yake. Tuliambiwa serikali imetenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na bila kampuni na cheti cha AGPO, yaani cheti cha kustahili tenda hizo, hupati kitu. Tukagawana hisa nusu kwa nusu, wote wawili tukawa wakurugenzi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, tulijisajili kwa hiari ili tuonekane watu wa maana, na aliyetusaidia kutoa PIN (namba ya kodi) akaweka na PAYE, kodi ya mishahara, ingawa hatujawahi kuajiri mtu.

Tulipata kazi ndogondogo: karatasi za fotokopi, wino wa printa, mafaili. Mzigo wa mwisho tuliupeleka Mei 2022 kwa kaunti moja hapa Pwani. Invoisi ilikuwa shilingi 464,000, VAT ya 64,000 ikiwa ndani. Mzigo ulipokewa, LPO (oda yao ya kununua) ninayo, na karatasi ya kupokelea imepigwa muhuri. Pesa mpaka leo hatujaziona. Ile VAT tuliilipa KRA, mamlaka ya kodi, mwezi uliofuata kutoka mifukoni mwetu.

Mwaka wa 2023 binamu akapata kazi Qatar. Kijana aliyekuwa akitufailia ritani hakulipwa, naye akaacha, kwa hiyo tangu Januari 2024 hakuna ritani hata moja iliyoingia. Juzi nilifungua iTax, mtandao wa KRA, nikaona tarakimu zilivyopangana, nikaifunga haraka.

Mshauri, kampuni hii haifanyi kazi yoyote. Haina ofisi wala mfanyakazi. Kilichobaki ni shilingi 37,000 benki, kwenye akaunti inayotaka sahihi zetu wote wawili, na tuktuk moja tuliyoinunua 2019 kwa jina la kampuni. Tuktuk iko kwa kijana mmoja wa hapa, anapiga ruti ya feri na Shika Adabu, ananiletea hesabu ya shilingi 800 kwa siku. Ndiyo inayonisaidia karo.

Shoga yangu anasema niiache tu, itajifia yenyewe. Mume wangu anataka nijiuzulu ukurugenzi leo hii, nimwachie binamu mzigo wake. Na binamu kila nikimwandikia hujibu "tutaongea". Nahisi anadhani nataka kuifunga ili pesa za kaunti zikija nizile peke yangu.

Nifanyeje?

Dada wa Likoni

—

Waaleikum salaam, dadangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kuna sentensi moja ambayo lazima nianze nayo, kwa sababu kila kitu kingine kinaitegemea. Umesema kampuni haifanyi kazi yoyote. Kisha, mistari miwili baadaye, ukataja tuktuk. Tuktuk ambayo logbuku yake (hati ya umiliki) ina jina la kampuni, inabeba abiria kila siku na kuleta hesabu, ni biashara ya kampuni. Pesa zinaingia kwenye M-Pesa yako, lakini mbele ya sheria zimechumwa na mali ya kampuni, na nusu ya kampuni hiyo ni ya binamu yako.

Sisemi hivi kukulaumu. Watoto wamesoma, na hilo ni jambo kubwa. Nasema kwa sababu mambo matatu yanatokana na hiyo tuktuk. Kwanza, Sheria ya Kampuni ya 2015 haiwaruhusu wakurugenzi kuomba kampuni ifutwe ikiwa ndani ya miezi 3 iliyotangulia imefanya biashara. Kwa hiyo hata ungetaka kuwasilisha ombi kesho, huwezi, mpaka tuktuk isimame au ihame jina na miezi hiyo ipite. Pili, ritani za kodi ya mapato ya kampuni si za sufuri. Usafiri wa abiria wa aina hiyo hautozwi VAT, kwa hiyo upande wa VAT hauna shida, lakini mapato yenyewe lazima yaonekane, ukitoa bima, matengenezo na gharama nyingine zenye risiti. Ikiwa ritani za miaka ya nyuma zilifailiwa sufuri huku tuktuk ikitembea, nazo zirekebishwe. Tatu, na hili ndilo linalonitisha zaidi: kijana akimgonga mtu pale kwenye mteremko wa feri, jina litakaloandikwa kwenye karatasi za mahakama ni la mwenye logbuku. Tazama bima ya tuktuk leo, usingoje kesho. Tazama imeisha lini, na imeandikwa kwa jina la nani.

Sasa shoga yako anayesema iache itajifia. Ni kweli Msajili wa Kampuni ana uwezo wa kuifuta kampuni anayoona imelala. Anaiandikia, asipojibiwa anatangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, na muda ukipita jina linatolewa. Lakini kufa kwa namna hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi kwenu. Kampuni ikishavunjwa, kila kilichobaki kwa jina lake ni mali ya Serikali. Tuktuk, zile 37,000 za benki, na pia lile deni la kaunti, kwa sababu haki ya kudai nayo ni mali. Mnachodaiwa ninyi, kwa upande mwingine, hakifi pamoja nayo. Sheria inasema dhima ya wakurugenzi na wanahisa inaendelea kana kwamba kampuni bado ipo. Kuifufua kunataka maombi mapya, tena ndani ya miaka 6, na gharama yake si ya mtu anayetafuta karo.

Ushauri wa mumeo nauelewa, anakupenda na anataka utoke. Lakini kujiuzulu ukurugenzi hakuondoi hisa zako, hakufuti yaliyotokea ulipokuwa mkurugenzi, na kunamwacha mtu aliye Qatar na kampuni ambayo hawezi kuisimamia. Nawe ndiye uliye na karatasi zote. Usijiuzulu.

Nije kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Faini ya kutofaili ritani ya VAT kwa mwezi ni shilingi 10,000, au asilimia 5 ya kodi ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Ya PAYE ni 10,000 au asilimia 25 ya kodi, vilevile ile iliyo kubwa. Ya kodi ya mapato ya kampuni kwa mwaka ni 20,000 au asilimia 5. Ninyi hamna mfanyakazi na hamna mauzo ya VAT, lakini ritani tupu isiyofailiwa inatozwa kiwango cha chini vilevile. Fanya hesabu: VAT 120,000 kwa mwaka, PAYE 120,000, kodi ya mapato 20,000. Ni shilingi 260,000 kila mwaka, kwa kampuni isiyouza hata kalamu. Mnangoja deni la 464,000 kwa gharama ambayo haifikishi miaka miwili kabla ya kulimaliza lote.

Ndiyo maana sitakuambia "funga leo", wala "ngoja mpaka kaunti ilipe". Nakuambia toa VAT na PAYE kwanza. Kufunga kampuni ni jambo moja, kuondoa majukumu ya kodi yaliyo kwenye PIN yake ni jingine, na hili la pili halihitaji Msajili wala Gazeti. Linaombwa kwenye iTax. Kwa VAT mna sababu mbili nzuri: mmeacha kuuza bidhaa zinazotozwa, na mauzo yenu hayakaribii shilingi milioni 5 kwa mwaka, ambacho ndicho kiwango cha kulazimika kujisajili. Kwa kweli sheria inataka mtu aliyeacha kuuza aombe kuondolewa ndani ya siku 30, kwa hiyo mmechelewa, na kila mwezi unaopita unaongeza. Kama kuna rimu za karatasi au wino uliobaki nyumbani ambao mlidai VAT yake, uorodheshe, kwa sababu wataulizia. Kwa PAYE, eleza kwamba hapajawahi kuwa na mfanyakazi.

Lakini kabla ya ombi hilo, ritani zote zilizokosekana zifailiwe, mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari 2024. Najua faini zitajitokeza moja baada ya nyingine unapofaili, na moyo utataka kukimbia. Usikimbie. Leja, yaani hesabu yenu ya kodi kule KRA, isiyokamilika haiondolewi majukumu. Na ukishatuma ombi, endelea kufaili VAT kabla ya tarehe 20 na PAYE kabla ya tarehe 9 mpaka uone kwa macho yako kwamba jukumu limetoka kwenye PIN. Watu wengi huteleza hapa: wanatuma ombi, wanalala, miezi sita baadaye ombi halijakubaliwa na faini ziko palepale.

Palikuwa na msamaha wa faini na riba kwa vipindi vya hadi 31 Desemba 2023, na muda wake uliisha 30 Juni 2025. Kama mna faini za zamani za kabla ya hapo na kodi yenyewe ilikuwa imelipwa, uliza katika ofisi ya KRA kama zilifutwa kwenye leja yenu. Za kuanzia 2024 msamaha huo haukuzigusa. Hizo omba mpango wa kulipa kwa awamu. Inaruhusiwa, na ni afadhali kuliko kukaa kimya mpaka wagandishe akaunti.

Mkishatoa VAT na PAYE, gharama ya kuiweka kampuni hai inashuka sana. Mnabaki na ritani ya kodi ya mapato mara moja kwa mwaka, ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kuisha, na ritani ya mwaka kwa Msajili. Kwa gharama hiyo mnaweza kungoja kaunti kidogo bila kuumia.

Nasema kidogo. Deni lenu ni la 2022. Madai ya mkataba dhidi ya mamlaka za umma yana ukomo wa miaka 3 wa kufungua kesi, si 6 kama madai ya kawaida, kwa hiyo usimlipe wakili yeyote akufungulie kesi kabla hajakueleza kwa maandishi kama muda umepita na kama kuna barua ya kaunti inayokiri deni. Njia yenu ya kweli ni kuhakikisha mmo kwenye orodha ya madeni yaliyothibitishwa. Nenda idara ya fedha ya kaunti na nakala za LPO, invoisi na ile karatasi yenye muhuri. Usiulize "tutalipwa lini", kila mtu anauliza hivyo. Uliza kama invoisi hii imo kwenye orodha, na uombe jibu la barua. Ikiwa imo, subirini mpaka mwaka wa fedha wa serikali uishe tarehe 30 Juni, maana miezi ya mwisho kabla ya hapo ndipo kaunti nyingi hulipa. Ikiwa haimo, na mmefuatilia na hamkupata jibu, basi mfunge bila kungoja zaidi. Uliza pia kuhusu ile VAT ya 64,000. Sheria ya VAT ina mlango wa kurudishiwa kodi ya deni lililoshindikana, ila mlango huo una muda wa kufungwa, kwa hiyo mwulize mhasibu mapema.

Binamu sasa. Ombi la kuifuta kampuni linatiwa sahihi na wakurugenzi wote au walio wengi. Ninyi mko wawili, na walio wengi kati ya wawili ni wote wawili. Bila yeye huendi popote, hata benki huendi. Na nadhani unajua kwa nini anajibu "tutaongea". Ukimwambia "tufunge", yeye anasikia deni la kaunti na hesabu ya tuktuk ambayo hajawahi kuelezwa inakwenda wapi. Usimpigie simu ya kumshawishi. Mwandikie kila kitu kwa pamoja, akisome akiwa ametulia baada ya zamu. Kitu kama hiki:

"Ndugu yangu, nimepiga hesabu. Tuktuk imeleta kiasi hiki tangu uondoke, gharama zake ni hizi, risiti nimekutumia. Nusu yako nitakulipa kidogo kidogo, au tuikate kwenye faini za KRA, chagua wewe. Faini zimefika hapa, picha ya leja hii hapa. Nataka tuondoe VAT na PAYE mwezi huu. Pesa za kaunti zikija zitaingia akaunti ya kampuni, na hazitoki bila sahihi yako. Tukikosa barua ya kaunti mpaka Juni, tufunge pamoja."

Hiyo akaunti ya sahihi mbili unayoiona kama kero ndiyo itakayomtuliza. Usiibadilishe.

Tuktuk iuzwe. Ukitaka kubaki nayo, inunue wewe mwenyewe kwa bei ambayo fundi na dalali wa Likoni wangeikubali. Azimio la wakurugenzi liandikwe, pesa ziingie akaunti ya kampuni, na umiliki uhamishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, mpaka logbuku itoke na jina lako. Usiridhike na karatasi ya makubaliano. Kuanzia siku hiyo hesabu ni yako, na kodi yake ni yako. Fedha za kuinunua zinaweza kulipa sehemu ya faini. Zikibaki, rudisheni kwanza mikopo mliyoikopesha kampuni, ikiwemo ile VAT ya mfukoni, kabla ya kuita chochote gawio, yaani faida ya wenye hisa. Kurudisha mkopo si gawio, wakati gawio la mtu asiye mkazi kwa kawaida hukatwa asilimia 15.

Mkifika siku ya kufunga, ombi linawasilishwa kwa Msajili kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na ndani ya siku 7 nakala ipelekwe kwa kila anayewadai, KRA ikiwemo kama bado kuna salio. Kuruka hatua hii ni kosa la jinai, na pia ndiyo sababu mtu anaweza kuja kupinga baadaye. Kisha Msajili anatangaza katika Gazeti Rasmi, linalotoka kila Ijumaa, na miezi 3 inahesabiwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Katika miezi hiyo kampuni isifanye biashara yoyote, hata mauzo ya rimu moja. Akaunti ya benki iwe imeshafungwa na haina kitu kabla jina halijatolewa. Tangazo likitoka, lihifadhi pamoja na vitabu vya hesabu kwa miaka 5, kwa sababu KRA wanaweza kuvidai.

Kuna njia nyingine ya kufunga, ya mfilisi aliyesajiliwa, ambapo wakurugenzi wanaapa kwamba madeni yote yatalipwa ndani ya miezi 12. Hiyo ni ya kampuni zenye majengo na wadai wengi. Msikubali mtu awauzie.

Anza na bima ya tuktuk, kisha nenda iTax. Ile tarakimu iliyokufanya ufunge haraka, ifungue tena ukiwa na kalamu, uniandikie ni kiasi gani kwa VAT, kiasi gani kwa PAYE na kiasi gani kwa kodi ya mapato, ili nikujibu juu ya mpango wa awamu.

Mshauri